Picha ya Mlangoni

6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za watoto, ambao wamerudi shule wakiwa wamekua mpaka viatu vimewakataa. Sisi ni wazima, ukiacha mafua yangu ambayo nimeyazoea kama mpangaji asiyehama. Msalimie wifi. Mwambie nimesikia saluni yake imeanza kupata wateja na nimefurahi.

Sasa sikiliza. Ndani ya boksi hili kuna kamera. Usicheke, najua inaonekana kama kitu cha kuchezea watoto. Mwenye duka letu alitaka kuitupa nikamwomba. Huku kazi yangu ni ileile, kusafisha na kuchapa picha za watu wengine, harusi zao, vitambulisho vyao, vichanga vyao, na mimi mwenyewe sina hata picha moja ya baba tangu apooze. Nimekuwekea mikanda miwili ya picha. Ukimaliza mmoja usiupeleke popote, nitumie mimi.

Kamera hii haina cha kurekebisha. Haiongezi mwanga wala haipunguzi, ina kasi moja na tundu moja la kupitishia mwanga, basi. Kwa hiyo mtoe baba nje mchana jua likiwa kali. Jua liwe mgongoni kwako na usoni kwake. Simama hatua tatu, fyatua, halafu zungusha mkanda mpaka uone namba inayofuata. Ukimsogelea sana atatoka na ukungu. Ukimpiga ndani utapata giza tupu.

Nataka kumwona. Nataka kuona mkono wake umefikia wapi, na kama kweli amenenepa kama ulivyoandika.

Lile uliloniuliza Desemba tutazungumza. Hali ya nyumba yetu unaijua.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Salamu zimefika na boksi limefika, ingawa karani wa posta alilifungua akaniuliza hiyo ni redio ya aina gani. Nyumbani wazima. Vifaranga wa safari hii wametoka vizuri, wamekufa wachache tu. Baba anakula, analala, anagomba. Juzi ameniita mkwe wa kuku. Akili yake ni nzima kabisa, ni mwili tu uliomgeuka.

Nimepiga picha zako, na nakuambia ni kazi ya kichaa. Kumtoa baba nje lazima nimnyanyue, na kumnyanyua lazima kwanza nimsafishe, na kumsafisha sitakueleza hapa maana huenda unasoma ukiwa mezani. Nikamvika shati jipya. Nikamweka kwenye kiti uani. Kila nikirudi nyuma hatua zako tatu anaanza kuteleza kama gunia la pumba, nakimbia kumnyoosha, narudi, ameteleza tena. Jua la saa sita. Inzi. Jirani kaning'inia ukutani anatoa ushauri. Baba akauliza, "Huyu dada yako anataka kuninunua au kuniuza?" Nikamwambia anakupenda. Akasema, "Basi aje anipendee hapa." Hayo ni maneno yake, mimi ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

Mkanda huo hapo. Sijui kimetoka nini, utaniambia wewe.

Nilichouliza Desemba ni kama utamchukua baba ukae naye. "Tutazungumza" si jibu, dada.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Mtoto wangu mkubwa amepata pengo la mbele, sasa anapiga mluzi bila kukusudia. Shemeji yako hajambo. Jipya jingine hakuna.

Picha zimetoka. Nilizisafisha mwenyewe, kwa hamu kubwa, na katika zote baba amekunja uso kama aliyelambishwa shubiri. Nilidhani ananichukia. Nilisimama pale kwenye taa nyekundu nikimtazama akinichukia kwenye trei ya dawa, picha moja baada ya nyingine. Kisha nikakumbuka kwamba ni jua, na ni mimi niliyesema jua liwe usoni kwake. Hilo halikuhusu.

Haya mengine yanakuhusu. Kazi yangu ni kutazama, na nimeikuza picha ya sita. Shati ni jipya hadi mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani. Chini ya shati hilo jipya kuna kucha ndefu zilizojaa weusi, na miguuni kuna kinyesi cha kuku kilichokauka. Si tone la bahati mbaya. Kimeingia mpaka katikati ya vidole. Baba yetu, ambaye meza yake ya kutengenezea saa alikuwa akiifuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi! Nilitoka nje kutafuta hewa.

Kuku wanaingia chumbani kwake, au yeye ndiye anayeingia kwa kuku? Nataka picha ya chumbani. Kile chumba chake cha dirisha kubwa, kitanda, shuka, na yeye juu ya shuka. Na usiniletee habari za mwanga. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka hasira ipoe, haikupoa, basi naandika nayo. Mke wangu alisema nikusalimu, halafu akasema nisikusalimu. Chagua unayoipenda.

Wewe mwenyewe uliandika, kwa mkono wako, kwamba kamera hii ndani haioni. Sasa ndani unataka nini? Mbaazi si mimi.

Umekuza picha ya sita, hongera. Mimi sihitaji kukuza kitu, nakiona kwa ukubwa wake. Unajua shuka la mtu mzima asiyeweza kujizuia linanukaje alfajiri? Unajua kwamba ukimgeuza, ngozi ya nyonga inabaki imegandamana na shuka? Navisugua vidole vyangu kwa limau na nikikaa kula harufu bado ipo, imekaa kwenye kucha inaningoja. Mke wangu hanishiki mkono. Wateja wake wakisukwa wanauliza kama kuna panya aliyefia darini, naye anawaambia ndiyo. Hiyo ndiyo nyumba yangu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Na wewe ulipokuja mwaka jana ulikaa mchana mmoja. Ulijifunga mtandio puani tangu getini ukasema una mafua. Ulimpungia baba mkono ukiwa umesimama. Chai hukuimaliza. Ulipoondoka baba akaniuliza, "Yule alikuwa daktari?" Akili anazo, dada. Alikuwa anauma kwa maneno.

Unamchukua au humchukui? Andika ndiyo au hapana, neno moja, wala huhitaji karatasi kubwa.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wazima.

Ndani inawezekana. Sikukuambia mwanzo kwa sababu inataka subira, na wewe subira hukupewa. Kamera hizi za kimaskini zina kasoro moja yenye faida: kifyatuo hakijui kama umezungusha mkanda au hujazungusha. Unaweza kufyatua hata mara ishirini juu ya picha ileile, na kila mara mwanga unaongezeka kidogo, kama kujaza ndoo kwa kikombe. Iweke juu ya stuli, iwekee kitu kizito juu isitikisike, fungua dirisha, baba atulie, kisha fyatua, fyatua, fyatua. Kilichotulia kitatokea. Kinachohangaika kitapotea kama moshi. Aliye mahali penye jua, huyo mara moja inamtosha.

Msomee baba kipande hicho. Kama ninavyomjua, ataiomba kamera aone imeundwaje. Usimnyime. Mkono wa kulia haukupooza, na vidole vilivyotengeneza saa za mji mzima haviwezi kushindwa na kitufe.

Naona umeniuliza tena. Naomba picha kwanza.

Dada yako


29 Julai

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu, safari hii za wote, hata za mke wangu. Saluni imepata kiti kile cha kuzunguka na watoto wa mtaa wanakuja kukipanda wakidhani ni pembea. Kuku wakubwa wameuzwa, nafasi imepatikana, tunapumua.

Nimefanya ulivyosema. Chumbani kwake, dirishani, shuka jeupe, mto, kila kitu. Nimefyatua mpaka kidole kikaota sugu. Baba alitulia kidogo halafu akaanza kunieleza jinsi chombo chako kilivyo cha kijinga, kwa hiyo mdomo wake sijui utatokaje. Ila kweli, ile habari ya kifyatuo ameipenda. Nimemwachia kamera siku kadhaa, akawa anaibonyeza na kuiweka sikioni kama saa. Nadhani ameumaliza mkanda bure, lakini furaha ya mzee haina hasara. Nimeutoa na kuufunga kama ulivyo.

Natumaini sasa roho yako itatulia, na barua zinazonuka dawa za picha zitapungua.

Mdogo wako


15 Agosti

Wewe,

Sina salamu.

Picha tatu za kwanza ni zako. Kitanda, shuka jeupe, na baba ambaye kutoka shingoni kwenda juu ni ukungu. Ukutani nyuma yake kuna kioo kirefu na makopo ya mafuta ya nywele yamepangwa. Basi chumba cha baba ndiyo saluni ya wifi, siku zote hizi. Ulimbeba baba ukamlaza pale, ukampiga picha, ukamrudisha ulikomtoa.

Mahali ulipomtoa nimepaona pia, kwa sababu zilizobaki ni picha za baba. Nimezijua mara moja, zote zimepigwa kutoka usawa wa mto. Ameiegemeza kamera kwenye ukingo wa kitanda akabonyeza kwa subira, kama alivyokuwa akikaa na saa ya mtu mchana kutwa. Hakubonyeza ovyo hata mara moja. Ipo ya wavu wa banda la kuku, tundu kwa tundu, wazi kabisa. Ipo ya makreti ya vifaranga yaliyopangwa mpaka juu ya miguu yake, vifaranga wenyewe ni moshi tu. Ipo ya taa ya kuwapasha joto, na ukuta ulivyochirizika vinyesi. Ipo moja ameielekeza kwenye nyonga yake mwenyewe, karibu mno, imetoka na ukungu, na nashukuru imetoka na ukungu. Alikuwa ananionyesha nyumba.

Ya mwisho ni wewe. Umesimama mlangoni. Jua limepita juu ya paa la banda likakupiga usoni, na uko hatua tatu kutoka kitandani, kama nilivyokufundisha kusimama. Alikufyatua mara moja tu. Sijachapa picha safi kama hiyo mwaka huu, nazihesabu nyusi zako. Umejifunga kitambaa puani, na kwa mguu wako unaisukuma sahani sakafuni iende kwake. Kwa mguu! Hata mbwa wa jirani hatukumsukumia chakula kwa mguu tulipokuwa wadogo. Mama angeuvunja mguu huo.

Mwenye duka alipita nyuma yangu akauliza huyu ni askari wa gereza gani. Ningemjibu nini? Kwamba tumetoka tumbo moja? Umenitia kinyaa. Nimeiosha mikono yangu baada ya kuishika picha ile, na mikono yangu ilikuwa safi.

Nakuja Jumamosi ijayo na shemeji yako, tumeazima gari. Usimwogeshe. Usimvike shati jipya. Usimguse.


9 Septemba

Dada,

Natumaini mlifika salama na baba hakuchoka sana njiani. Mke wangu amelia tangu mwondoke, sijui kwa aibu au kwa nafuu, na nikijitazama mimi pia sijui.

Ulisema mengi pale uani na majirani wakapata kipindi. Nilinyamaza kwa sababu picha ulikuwa umeishika. Sina utetezi wa mguu. Sahani nilikuwa naiweka kwa mkono, miezi mingi, na nilikuwa namlisha mwenyewe, mpaka siku alipotapika mkononi mwangu na mimi nikatapika juu yake. Juu ya baba yangu. Toka siku ile mkono ulikataa. Banda lilikuwa na joto, yeye alilalamika baridi, nikajiambia namweka pale kwa faida yake. Nilijiambia hivyo kila asubuhi nikifunga kitambaa, na ukijiambia jambo kila asubuhi mwisho unaliamini. Sasa nikiikumbuka picha ile chakula hakishuki. Najichukia, dada, sijui niseme vipi zaidi.

Lakini na mimi ninalo moja. Mlipokuwa mnafunga godoro, shemeji alinivuta pembeni akanipa pole. Akasema kwenu chumba kilikuwa tupu tangu mwaka jana. Akasema yeye alikuwa tayari, alikuwa anakungoja wewe tu useme. Na wewe miezi yote hiyo unaniandikia hali ya nyumba unaijua! Nikamchukia mtu wa watu bure, nikidhani ndiye mwenye roho mbaya. Kinyaa changu kilisimama mlangoni. Chako hata mlangoni hakikufika, kilinunua bahasha.

Naomba nije nimwone baba. Ukinikatalia nitaelewa.

Mdogo wako


12 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, umeona mwenyewe. Nyumbani wazima. Watoto wanagombea kumlisha babu, na aliye na pengo ndiye anayependwa, maana babu anasema wako sawa meno. Baba anakusalimu. Amesema nisisahau kuwasalimu kuku pia, kwa kuwa ndio waliokuwa wakimtembelea. Usinikasirikie mimi, na mimi ni mjumbe.

Aliyokuambia shemeji yako ni kweli.

Nitakueleza siku ya kwanza. Nilimwingiza baba bafuni nikafunga mlango, nikakataa msaada wa mtu yeyote. Nilikuwa bado na hasira juu yako na zilinipa nguvu. Nikamvua. Nguo ya ndani iligandamana na nyonga kama ulivyoandika, na nilipoivuta ilikuja na ngozi, na harufu ikaja, na ndani ya kidonda kulikuwa na kitu kinatembea. Nilimwacha baba pale kwenye kiti, uchi, nikainamia choo nikatapika mpaka nyongo. Nikachukua mtandio, nikajifunga puani, nikarudi. Baba akanitazama. Akasema, "Uvue. Nikiona macho tu sijui kama ni wewe."

Nikauvua. Nikatapika tena. Nikamwogesha.

Muuguzi anakuja mara mbili kwa wiki kushughulikia kidonda, anasema kinaanza kufunga kwa chini, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa. Kucha nimezikata. Mimi nilidhani nikishamwosha mara kadhaa kinyaa kitaniacha, maana ni baba yangu na nampenda. Hakijaniacha. Kila asubuhi nakikuta pale bafuni kimewahi kuliko mimi. Siku nyingine natapika, siku nyingine nabana pumzi na kumwimbia kwa puani, naye anasema sauti yangu ndiyo ugonjwa wake wa pili. Anaogeshwa hivyohivyo.

Mguu ule sijausamehe. Nimejaribu, haujatoka moyoni, na sitakudanganya kwa barua, tumeshadanganyana vya kutosha kwa njia hiyo.

Njoo. Usilete zawadi, na kwa hisani yako usilete kuku. Panda gari la kwanza ufike asubuhi kabla hajaoga. Siku hiyo utamwogesha wewe, na mimi nitakushikia beseni.

Dada yako